Koti Moja

Mpiga picha alifika saa nne na robo
na kitambaa cha buluu cha kutundika ukutani,
kuficha nyufa, kalenda ya mwaka juzi,
na maandishi ya penseli: SEMBE KILO MBILI, DENI, MAMA FELI.
Ofisi yetu hapa Mbagala ilikuwa duka la nafaka.
Feni ikiwashwa, bado pumba hushuka.

Wafadhili wameomba sura.
Ripoti wamesoma, hesabu wamekagua,
hati ya usajili wameigeuza mbele na nyuma;
sasa wanataka kuona ni akina nani hasa
wanaowasemea watu ambao babu zao
walivuka Ruvuma kuja kukata mkonge,
na hadi leo, wakifika dirishani hospitali,
Kiswahili cha sokoni kinawatosha
ila cha maumivu kinawapungukia.

Koti lilikuwa moja, jeusi, la Kajetani,
alilishona kwa harusi ya bintiye.
Akalivaa kwanza yeye, mwenyekiti,
akakaza taya kama mtu anayengoja sindano.
Kisha Shaweji, mratibu wa upimaji wa sukari:
mikono ya koti ilimwishia karibu na viwiko.
"Nitakata kifuani," akasema mpiga picha, "haitaonekana."

Bi Leokadia, mweka hazina, alikataa koti, akakataa poda.
"Nimekuja na jasho langu kutoka benki,
lipige hivyo hivyo, lina risiti."

Nikabaki mimi, katibu. Koti likanimeza.
Lilikuwa na joto la watu wawili,
na mkono wangu, usio na adabu, ukaingia mfukoni
ukatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Jina: Kajetani Namkoko. Sukari: tarakimu
ambazo sisi wenyewe huziandika kwa kalamu nyekundu.
Tarehe: miezi saba iliyopita.
Nikaikunja mara nne.
"Tabasamu, katibu." Nikatabasamu.
Ndiyo picha yangu ile, ya pili kushoto.

Aliyekosekana ni makamu, Skolastika.
Tulimpigia. Nyuma ya sauti yake
kitoroli kilikuwa kinalia, mtoto analia.
"Nipo Temeke, wodini. Kuna mama hapa
anagusa mahali, anapataja vizuri kabisa kwa kwao,
na daktari anaandika mahali pengine.
Nikiondoka, watamtibu mwili wa mtu mwingine."
"Picha je?"
"Kiti changu si kipo? Pigeni kiti."

Mpiga picha alicheka. Kisha, kwa kuwa alilipwa kwa vichwa vitano,
akakipiga: plastiki ya kijani,
mguu mmoja umefungwa kwa waya,
mgongoni mchirizi wa wino
tangu siku tuliyoandika barua kwa Mganga Mkuu
mara tisa, na ya tisa ikajibiwa.

Sasa zimetundikwa, sura nne na kiti.
Wageni husimama hapo, vikombe mkononi,
wakadhani kuna aliyefariki.
"Hapana," husema Bi Leokadia. "Huyo ndiye mzima kuliko wote."

Lakini jioni ile, watu walipoondoka,
nililikung'uta koti mabegani, nikamrudishia mwenyewe.
Alipapasa mfuko kabla hajanishukuru.
Tukatazamana.
Huyu ndiye anayesimama sokoni Rangi Tatu na kipaza sauti:
Pimeni, ndugu zangu, kujua si kufa.

"Jumatatu naenda kumpokea Skolastika," nikasema.
"Twende wote. Kliniki iko ngazi hiyo hiyo."
"Jumatatu nina kikao."

Katibu ni mimi.
Nilifungua daftari la vikao, nikaligeuza upande wake.
Jumatatu ilikuwa nyeupe, toka juu hadi chini.
Aliitazama muda mrefu.
Kisha akaomba kalamu.